Fyuzi Inakatika Tena: Waya, Kapasita au Mita?

Pawa saplai ya zamani ikiunguza fyuzi mara moja, mwenyewe hununua nyingine bila maswali. Ikiunguza ya pili na ya tatu, ushauri huanza kumiminika na hakuna washauri wawili wanaokubaliana. Muuza duka anasema fyuzi za siku hizi ni dhaifu, iwekwe yenye ampea nyingi zaidi. Fundi wa mtaani anachomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya na kuukaza mahali pa fyuzi, ili "moshi wenyewe useme ubovu uko wapi". Kijana aliyejifunza ukarabati kwa kutazama video anaamini kapasita zimezeeka, zing'olewe zote. Wa nne anauliza kwa nini watu wanahangaika na chombo cha miaka 30 badala ya kukitupa.

Kila mmoja wao anaweza kutaja chombo alichokifufua kwa njia yake, na hasemi uongo. Mkanganyiko unatoka hapo hapo. Fyuzi hukatika kwa sababu zisizohusiana kabisa, kwa hiyo kila tiba huwa na siku yake ya kupatia, na aliyepatia mara moja huigeuza bahati kuwa kanuni.

Ili mjadala usielee hewani, tuchukue chombo kimoja mahususi: pawa saplai nzito ya transfoma inayotoa volti 13.8 za DC, aina iliyoenea tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya kuendeshea nyumbani au ofisini redio za mawasiliano zilizotengenezwa kwa umeme wa gari. Bado hutumika kwenye meza za mafundi wa redio za magari na penye redio za masafa marefu. Ni chombo cha kuaminika, kina vipuli vinavyopatikana, na kikianza kula fyuzi hutesa watu kwa sababu kina ulinzi uliofichika ambao wengi hawaujui. Pawa saplai za kompyuta na televisheni, yaani zile nyepesi zisizo na transfoma kubwa, nazo zitapata sehemu yake, maana sheria zake ni nyingine.

Fyuzi inalinda nini

Imani iliyoenea ni kwamba fyuzi inalinda transista na vipuli vingine vya ndani. Hailindi. Transista hufa kwa muda mfupi mno, kabla uzi wa fyuzi haujapata hata joto. Kinacholindwa ni waya, transfoma na nyumba, visiungue. Ndiyo maana fyuzi ikikatika, mara nyingi kuna kitu kingine kilichotangulia kufa. Au hakuna kilichokufa, bali fyuzi yenyewe ilikuwa ya aina isiyofaa mahali pale. Hali hizi mbili zinafanana kwa mtu aliyesimama nje ya sanduku.

Namba iliyoandikwa kwenye kofia ya fyuzi nayo haisomwi inavyostahili. Fyuzi ndogo ya kioo ya milimita 5 kwa 20, iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60127, ikiandikwa ampea 2 haikatiki mkondo ukifika ampea 2.1. Inatakiwa ivumilie mara moja na nusu ya namba yake, yaani ampea 3, kwa angalau saa nzima. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye herufi inayotangulia namba. F ni ya haraka: mkondo ukiwa mara kumi ya namba yake, inatakiwa ikatike ndani ya milisekunde 20. T ni ya kuvuta subira: kwa mkondo huo huo, aina moja ya kawaida inaruhusiwa kuvumilia hadi milisekunde 300.

Subira hiyo ina kazi. Transfoma ikiwashwa, chuma chake huweza kujaa usumaku kupita kiasi katika nusu ya kwanza ya wimbi, ambayo kwa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 10, na kwa kitambo hicho ikavuta makumi ya ampea. Transfoma za duara huonyesha tabia hii zaidi. Papo hapo kapasita kubwa, ambazo ni tupu, nazo zinadai kujazwa. Mtu akiweka F badala ya T kwa sababu namba zinalingana, chombo kizima kisicho na ubovu wowote kitaunguza fyuzi: leo ndiyo, kesho hapana, kutegemea swichi ilibonyezwa wimbi likiwa wapi.

Kuna jambo la tatu ambalo madukani halitajwi. Fyuzi ya kioo ina kikomo cha shoti inayoweza kuikata kwa usalama: ampea 35, au mara kumi ya namba yake, ipi iwe kubwa. Ile ya kauri iliyojazwa mchanga hufika ampea 1,500. Aliyekuta kauri akaweka kioo amepunguza ulinzi ingawa namba ni ile ile.

Na kabla ya kufungua sanduku, ijulikane ni fyuzi ipi iliyokatika. Plagi ya pini tatu tuliyorithi kwa Waingereza, ambayo kiwango chake cha BS 1363 kilitoka mwaka 1947, ina fyuzi yake ndani, ya ampea 3 au 13, na kazi yake ni kulinda kamba ya umeme. Ikikatika hiyo na ya sandukuni ikabaki nzima, kamba na mahali inapoingilia ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Mlinzi aliyefichwa

Njia ya umeme ndani ya pawa saplai hii si ngumu. Volti 230 zinapita kwenye fyuzi na swichi, zinaingia koili ya kwanza ya transfoma, koili ya pili inatoa takriban volti 18 za AC. Daraja la dayodi nne linazigeuza kuwa DC, kapasita kubwa inazituliza, na hapo tunapata volti kama 22 hadi 25. Kundi la transista za nguvu, mara nyingi 2N3055, zilizofungwa sambamba kwenye bati la kupoozea, linazishusha hadi 13.8 kwa amri ya saketi ndogo ya udhibiti. Katika chombo cha zama hizo, IC ya udhibiti mara nyingi ni 723 ya kampuni ya Fairchild, iliyotoka mwaka 1967.

Penye vituo vya kutolea umeme, vyombo vingi vizuri vina thairista moja iliyokaa kimya. Volti za kutoka zikipanda kupita kikomo, thairista hufunga njia na kupiga shoti kwa makusudi kati ya chanya na hasi. Mkondo unaruka, fyuzi inakatika, na redio iliyounganishwa inapona.

Fikiria sasa kinachotokea 2N3055 moja ikifa kwa kupiga shoti, na ndivyo transista hizi zinavyokufa mara nyingi. Volti 22 zinakimbilia redio, thairista inazikatiza, fyuzi inaungua. Anayebadilisha fyuzi na kuwasha tena anairudia safari hiyo hiyo. Anayeweka fyuzi kubwa anaipa thairista mzigo isioweza kuubeba. Aliyegundua kwamba "ubovu ni hii thairista", akaing'oa na kufurahi fyuzi imepona, amekata kamba ya breki: pawa saplai itawaka vizuri kabisa na kuipelekea redio volti 22.

Saa ya kukatika na sura ya kioo

Hapa ndipo wachambuzi wa mitaani wanapopoteza ushahidi mwingi, kwa sababu fyuzi iliyoungua hutupwa kabla haijatazamwa. Kioo kilichopakwa weusi au rangi ya fedha ndani kinaonyesha kwamba uzi uligeuka mvuke ghafla. Hiyo ni shoti ya nguvu. Kioo safi chenye uzi uliokatika katikati kwa pengo dogo kinaonyesha mkondo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au uzi uliochoka. Fyuzi huchoka kweli. Kila kuwashwa uzi hupata moto, hutanuka na kurudi, na baada ya miaka mingi huweza kukatika bila kosa la mtu yeyote. Kwa hiyo kubadilisha fyuzi mara moja, kwa aina na namba ile ile, ni hatua halali. Mara ya pili si halali tena.

Baada ya sura inafuata saa. Fyuzi inayokatika papo hapo kila unapowasha, kioo kikiwa cheusi, inaelekeza kwenye daraja la dayodi kwanza, kisha kapasita kubwa iliyopiga shoti au nyaya zilizogusana. Inayokatika papo hapo lakini mara moja moja tu, kioo kikiwa safi, inazungumzia mshtuko wa kuwasha: herufi ya fyuzi imekosewa, au kifaa cha kupunguza mshtuko huo hakifanyi kazi. Katika vyombo vingine kifaa hicho ni rezista inayopungua ukinzani ikipata moto. Ikiwa baridi inauzuia mkondo. Ikiwa ya moto inaupisha. Umeme ukikatika mtaani na kurudi baada ya sekunde tatu, rezista bado ni ya moto huku kapasita zimeshapungua chaji, na mshtuko unapita bila kizuizi. Mwenye chombo analaumu "umeme mkubwa uliorudi", na pengine kweli volti zilipanda, lakini fyuzi ingekatika hata kama zingerudi 230 kamili. Kuzima swichi umeme unapokatika na kusubiri dakika moja mbili baada ya kurudi kunaondoa ugonjwa huu bure.

Inayokatika sekunde moja au mbili baada ya kuwasha inanifanya nimshuku mlinzi wa volti: kapasita zimejaa, volti zimepanda, thairista imefyatuka. Si lazima transista iwe imekufa. Rezista ndogo ya kuzungushwa inayopanga volti 13.8, ikiwa na kutu au vumbi, hupoteza mguso. Katika saketi nyingine hilo linatosha kurusha volti juu kwa kitambo kidogo na kumwamsha mlinzi. Ni kipuli cha bei ya chini kuliko fyuzi zilizokwisha kuunguzwa.

Inayokatika mtu akibonyeza maikrofoni ya redio kuzungumza, lakini haikatiki ukiiwekea taa ya gari yenye kuvuta mkondo mkubwa, ni ya pekee. Mawimbi ya antena yanaingia kwa nyaya hadi kwenye lango la thairista na kuifyatua. Hakuna kilichoharibika. Tiba yake ni kuisogeza antena, kurekebisha ardhi, na kuweka kapasita ndogo ya kuchuja penye lango. Hakuna fyuzi ya ukubwa wowote inayotibu hili, wala kapasita kubwa mpya.

Mwisho ni ile inayokatika baada ya nusu saa. Hapa joto ndilo shahidi: dawa nyeupe ya kupitisha joto iliyokauka, kipande cha mika kati ya transista na bati kilichotoboka, au transfoma ambayo mizunguko michache ya koili yake imegusana. Transfoma ya namna hiyo hupata moto hata ikiwa haina mzigo wowote.

Hoja ya fyuzi kubwa

Tuwatendee haki wanaopendekeza kuongeza ampea. Zipo pawa saplai ambazo kweli zimewekewa fyuzi ndogo kuliko inavyotakiwa na mtu aliyepita kabla, na kuongeza ndiyo sahihi. Hakimu wa jambo hilo ni maandishi ya mtengenezaji nyuma ya sanduku, basi. Vyombo vilivyotoka Marekani vinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa mzigo ule ule kwa volti 115 huvuta mkondo mara mbili ya kwa volti 230. Transfoma yenye koili mbili za kuingilia ikibadilishwa kutoka sambamba kwenda mfululizo ili ifae umeme wetu, fyuzi ya ampea 8 inapaswa kushuka hadi 4. Wengi hubadilisha nyaya na kuiacha 8, na hapo chombo kinabaki na nusu ya ulinzi.

Vyombo vilivyotengenezwa kwa hezi 60 pekee vina kasoro ambayo kishusha volti hakiiondoi, kwa kuwa kinashusha volti na kuziacha hezi zilivyo. Kwa hezi 50 chuma cha transfoma kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20. Kama mtengenezaji alibana chuma, transfoma itavuma, itapata moto, na fyuzi itakatika baada ya muda. Fyuzi kubwa hapo inamaanisha transfoma ndiyo itakayokatika.

Hoja ya uzi wa shaba ni dhaifu zaidi ya inavyoonekana. Uzi mwembamba wa milimita 0.2, unaoonekana kama unywele, hauyeyuki mpaka mkondo ukaribie ampea 7. Na ule moshi unaosubiriwa "useme" huwa hausemi kweli. Dayodi iliyopiga shoti haitoi moshi. Inapitisha mkondo vizuri tu. Anayeungua ni yule mwenye ukinzani njiani, yaani koili ya transfoma, kipuli cha bei kubwa kuliko vyote na kigumu kupatikana. Ubovu wa dayodi moja unageuka kifo cha chombo.

Hoja ya kapasita zote mpya

Kambi hii ina elimu zaidi. Kapasita za maji, yaani zile za alumini, huzeeka hakika. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kimiminika kibovu, zilizovimba na kupasuka ndani ya kompyuta nyingi. Tena kapasita iliyokaa stoo miaka mingi bila umeme hupoteza utando wake wa ndani. Ikipewa volti zote kwa mara moja huvuja mkondo mwingi na huweza kuunguza fyuzi, ilhali ingepandishiwa volti taratibu ingejijenga upya.

Zipo pia kapasita ambazo hazina mjadala: zile za karatasi za kuchuja umeme wa kuingilia, zenye ganda linaloonyesha ndani, maarufu kwa jina la mtengenezaji wake, RIFA. Zimejaa kwenye vyombo vya miaka ya 1980, kompyuta ya BBC Micro ikiwamo. Ganda hupata nyufa, karatasi hunyonya unyevu wa hewa, na siku moja hupasuka kwa moshi mwingi unaonuka. Kwa hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja, kuiacha kapasita ya namna hiyo ndani ya chombo ni kuahirisha tu.

Lakini tukirudi kwenye kapasita kubwa za volti 25, udhaifu wa kambi hii unajitokeza. Uzee wa kawaida wa kapasita ni kukauka, na kapasita iliyokauka hupoteza uwezo. Matokeo yake ni mvumo kwenye spika na volti zinazolegea mzigo ukiongezeka. Fyuzi haihusiki. Kapasita iliyopiga shoti ipo, lakini mita huikamata kwa dakika moja, hivyo hakuna sababu ya kung'oa kumi kwa ajili ya moja. Kung'oa kwenyewe kuna gharama: njia za shaba za bodi ya zamani hubanduka kwa joto la kulehemu, na mguu mmoja ukiwekwa kinyume unazaliwa ubovu mpya juu ya ule wa zamani. Halafu kuna kishawishi cha kuweka kubwa zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Maikrofaradi zikiongezwa mara mbili, mshtuko wa kuwasha unaongezeka nazo, na fyuzi iliyokuwa ikivumilia huanza kukatika. Fundi hapo husema chombo kina jini.

Hoja ya kupima kwa kugawa

Kambi ya mita huanza na macho. Chombo kikichomolewa ukutani na kapasita zikamwagwa chaji kwa kupitishiwa rezista au taa, sanduku hufunguliwa na kutazamwa. Katika mazingira yetu hatua hii hulipa kuliko vitabu vya nje vinavyodhani: mjusi kafiri aliyekauka juu ya miguu ya swichi, mende kwenye daraja la dayodi, chumvi ya bahari iliyotengeneza njia yake kati ya vituo viwili.

Mita inafuata. Dayodi nzima hupitisha upande mmoja tu, ikionyesha takriban volti 0.5 hadi 0.7; ikionyesha sifuri pande zote mbili, imekufa. Ganda la chuma la 2N3055 ndilo kolekta yake, kwa hiyo katika vyombo vinavyoitenga na bati, kupima kati ya ganda na bati kunaonyesha kama mika imetoboka. Transista zilizo sambamba zina hila: moja ikipiga shoti, zote huonekana zimekufa kwenye mita, na wengi wamenunua nne kwa ajili ya moja. Lazima kila moja ifunguliwe na kupimwa peke yake, pamoja na rezista yake ndogo ya emita. Hiyo ikiwa imekatika, transista wenzake hubeba mzigo wake na kufuatana kufa.

Baada ya hapo inakuja balbu. Balbu ya kawaida ya uzi, wati 100, hufungwa kwa mfululizo kwenye njia ya umeme wa kuingilia. Ikiwa baridi ina ukinzani wa omu kama 40. Ikiwaka kabisa hufika takriban 530. Chombo kikiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na mkondo hauwezi kuzidi karibu ampea 0.43. Chombo kikiwa kizima, balbu hung'aa kitambo kapasita zinapojaa, kisha hufifia. Balbu za LED na za kubana matumizi hazifai kazi hii hata kidogo. Na balbu haizuii mtu kupigwa na umeme; inazuia vipuli kuungua tu.

Nguvu ya balbu iko kwenye kugawa. Tenganisha nyaya za koili ya pili na daraja la dayodi, kisha washa. Balbu ikiendelea kuwaka sana, ubovu uko kwenye transfoma au kabla yake, na nusu nzima ya chombo imeshaachiliwa huru. Ikififia, rudisha daraja bila kapasita. Kisha kapasita bila transista. Kisha transista bila thairista, vituo vya kutolea vikiwa vitupu na mita ikisoma volti. Volti zikionekana 22 badala ya 13.8, mhalifu amepatikana bila fyuzi hata moja kupotea.

Njia hii nayo ina mapungufu ambayo wapenzi wake huyapitia haraka. Mita hupima dayodi kwa volti mbili tatu tu. Dayodi inayovuja ikipewa volti 30 hupita mtihani huo ikiwa safi. Mizunguko miwili mitatu ya koili iliyogusana haibadilishi ukinzani kiasi cha kuonekana kwa mita ya kawaida. Ubovu wa nusu saa hauji kwa balbu, kwa kuwa balbu hairuhusu chombo kubeba mzigo hadi kipate moto. Zaidi ya yote inakula muda, na fundi anayelipwa kwa chombo kilichowaka, si kwa saa alizotumia, ana sababu ya kuiruka.

Zile nyepesi za kompyuta na televisheni

Hapa umeme wa ukutani unageuzwa kuwa DC moja kwa moja, na kapasita ya mbele inashika takriban volti 325. Kuimwaga chaji si hiari. Fyuzi iliyoungua kwa weusi katika chombo hiki ni karibu hati ya kifo ya mosfeti ya kukatakata umeme, na mosfeti haifi peke yake: hufa na dayodi za mbele, rezista ndogo ya kupimia mkondo, na mara nyingi IC inayoiendesha, kama 3842. Kubadilisha moja na kuziacha nyingine ni kununua mosfeti ya pili. Chombo kilichokufa huku fyuzi ni nzima ni habari tofauti, na huko ndiko kambi ya kapasita inakopata ushindi wake wa haki, kwa kuwa kapasita ndogo iliyokauka huzuia saketi isianze.

Kifaa cha kupandisha volti polepole, kinachosifiwa kwa zile za transfoma, hapa kinaweza kudhuru. Saketi hizi hudai wati zile zile. Volti zikiwa chini huvuta mkondo zaidi. Na pawa saplai nyingi za kompyuta za zamani zina nyuma yake swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa hapa kwetu, kapasita za mbele hupewa karibu mara mbili ya volti zake, na fyuzi huondoka na mlipuko. Kompyuta iliyotumwa na ndugu aliye Marekani itazamwe swichi hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Kupima mizani

Hoja ya kutupa ina uzito wake mahali pamoja: pale pawa saplai ni ya bei ndogo, nyepesi, na familia nzima ya vipuli vyake imekufa. Kwa ile ya transfoma hoja hii huyumba, kwa sababu sehemu yenye thamani, transfoma, karibu kila mara ni nzima, na zilizokufa ni za bei ya chini. Isipokuwa transfoma yenyewe ndiyo iliyogusana mizunguko. Hapo kuisuka upya kunagharimu, na mwenye chombo aambiwe ukweli mapema kabla hajalipia dayodi.

Kwa maoni yangu, kambi hizi hazistahili kura sawa. Fyuzi moja mpya ya aina ile ile ni jaribio linalokubalika. Kuongeza ampea bila maandishi ya mtengenezaji, au kufunga waya, hakuna hali inayokuhalalisha, maana kunaharibu ushahidi na transfoma kwa pamoja. Kubadilisha kapasita zote ni matengenezo ya kinga: kunafaa baada ya ubovu kupatikana, si badala ya kuutafuta, ila zile za karatasi za upande wa ukutani zing'olewe kwa vyovyote. Kupima kwa balbu ndiko kunakobeba kazi kubwa. Gharama yake halisi ni muda, na muda huo hupungua sana mwenye chombo akija na fyuzi iliyoungua mfukoni na jibu la swali moja: ilikatika lini?

Na hata chombo kikipona, kazi haijaisha mpaka mlinzi naye amepimwa. Thairista iliyofyatuliwa mara nyingi na watu wa fyuzi kubwa huenda imekufa kimya, na pawa saplai itatoa 13.8 safi bila kuonyesha dalili yoyote ya upungufu huo. Kwa hiyo kabla redio haijarudishwa, volti za kutoka zipandishwe taratibu kwa rezista ya kupangia, balbu ikiwa bado njiani, hadi mlinzi afyatuke. Katika vyombo vingi hivi hilo linatarajiwa mahali fulani juu kidogo ya volti 15. Zikipita 17 akiwa bado amelala, thairista na saketi inayoiamsha viwekwe vipya kwanza.